Mbuzi Iliyochana Kiti

Mimi nina hasira za karibu, na sijawahi kulificha hilo. Majirani zetu hapa Bagamoyo wanajua: nikinyamaza ndipo huja kuuliza kulikoni. Kwa hiyo Jumamosi ile nilipolirudisha gari la kukodi Dar es Salaam, likakaguliwa, nikatia saini, nikarudishiwa dhamana yangu bila kutukanana na mtu, niliona nimefanya jambo la kujivunia.

Lilikuwa gari la mkataba wa miaka miwili. Nilikuwa na kazi ya kuwafundisha akina mama kilimo cha mwani, leo niko Mbegani, kesho nimevuka vijiji vinne kufuata pwani kwenda juu, na kazi hiyo huifanyi kwa miguu. Nikakodi gari kwa kampuni moja ya mjini. Katika mkataba wao kulikuwa na maneno mawili waliyoyarudia kila ukurasa, uchakavu na uharibifu. Uchakavu ni mzigo wao, uharibifu ni wangu. Na wa kuamua hiki ni kipi alikuwa mkaguzi wao, dada mmoja mpole wa bara, mwenye kipande cha plastiki kilichotobolewa tundu la ukubwa wa sarafu. Anakiweka juu ya mkwaruzo. Ukienea ndani ya tundu, umesalimika. Ukitokeza nje, unalipa. Alilizunguka gari zima hivyo, anachutama, anainuka, anaandika.

Alinikuta na mikwaruzo miwili ya miiba, na zulia la dereva lililotoboka pale kisigino kinapokaa. Mikwaruzo nikailipa. Zulia nalo nililipa, ila nilimuuliza kwani walitegemea niendeshe miaka miwili nikiwa nimening'iniza miguu. Akacheka, akaandika vilevile. Kisha akafungua mlango wa nyuma, akakipapasa kiti, akaufunga.

Kiti kile kilikuwa na mpasuko wa shibiri nzima, na hakuuona kwa sababu nilikuwa nimeupeleka Chalinze kwa fundi anayeshona viti vya malori. Alipitisha kitambaa kwa ndani, akagandisha kwa gundi, akapaka rangi, akaniapia kwamba hata aliyekishona kiti kiwandani asingejua. Na kweli, hakuna aliyejua.

Mpasuko wenyewe ulikuwa wa mama yangu. Au tuseme wa mbuzi yake. Miezi michache nyuma tulikwenda Mkange kwenye hitima ya dada yake, na mama haendi kupika kwa watu bila kuchukua mbuzi yake ya kukunia nazi. Za wenzake anasema zina meno ya kizee. Alikizungushia kanga kile chuma chenye meno, akailaza mbuzi kwenye kiti cha nyuma, na kwenye mashimo ya njiani kanga ikafunguka, chuma kikala kiti. Nilimfokea siku ile mpaka tukafika kwenye hitima ya watu hatusemeshani. Nikikumbuka naona haya.

Sasa, wiki ile niliyorudisha gari, mama alikuwa anajiandaa kwenda Hija. Safari yake na mjomba ilikuwa Alhamisi. Mtu anayekwenda Hija hapendi kuondoka na haki ya mtu shingoni, na mama jambo hilo alilishika kwa mikono miwili. Kwa wiki tatu alikuwa akipita nyumba hadi nyumba, anabisha hodi, anakaa, anaulizia watoto, halafu anasema: nimekula vyako, nimekusema, nihalalishie. Mwenyewe naye hujibu, nimekuhalalishia, nawe unihalalishie, wanashikana mikono, tunaondoka. Alimwendea muuza samaki. Alimwendea jirani aliyewahi kumtupia kuku wake jiwe. Alimwendea hata mwanamke mmoja ambaye tangu harusi fulani walikuwa wakikutana njiani kila mtu anaangalia ukuta wake. Dereva wake nilikuwa mimi, maana tangu nilipoachika nimerudi kuishi naye, na nilikuwa nikimtania kwamba amebakiza paka tu.

Basi Jumamosi ile nikarudi nyumbani kifua mbele, nikamkuta anachambua mchele, nikamhadithia yote. Nilimwigizia dada wa watu anavyochutama na tundu lake la plastiki. Nilipofika kwenye kiti cha nyuma nilicheka mwenyewe.

Mama aliweka ungo chini.

"Kwa hiyo kiti cha watu kimechanwa na mbuzi yangu," akasema, "na wenyewe hawajui?"

Nikamwambia hawajui na hawatajua. Akasema basi haendi. Nilidhani ni maneno ya hasira, yale ninayoyasema mimi, lakini mama hana maneno ya hasira. Nikamjia juu. Nikamwambia ile ni kampuni, ina magari ambayo hata wenyewe hawayajui idadi, na zulia wamenionea, kwa hiyo tuhesabu tumelipana. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akaniambia kwamba zulia ni ugomvi wangu, kiti ni chake, na yeye hawezi kusimama mbele ya Nyumba ya Mungu huku kuna mtu aliyedanganywa kwa ajili yake. Hija ile ameisubiri tangu baba yuko hai. Nilijua akisema haendi, haendi.

Jumatatu asubuhi tukapanda basi kwenda mjini, yeye na baibui lake jipya la safari, mimi na uso wangu.

Ofisi yao iko ghorofa ya pili. Tulimkuta yule yule dada mkaguzi, akasimama akamwamkia mama shikamoo, mama akaitika marahaba, akaulizwa za huko, akasema njema. Halafu bila hata kukaa vizuri akasema: "Mwanangu, mbuzi yangu ilichana kiti chenu cha nyuma, na tukakificha. Nimekuja kulipa."

Dada wa watu alinitazama mimi. Mimi nikatazama feni. Akachukua fomu, akaanza kuandika, na kadiri alivyoandika ndivyo uso wake ulivyozidi kukunjamana. Akauliza mbuzi alikuwa mmoja tu? Mama akasema ndiyo, anayo moja tu, ya siku nyingi. Akauliza alikaa garini muda gani. Mama akasema kutoka Bagamoyo mpaka Mkange na kurudi. Dada akafunua mkataba, akatuonyesha kwa kalamu kifungu cha kubeba mifugo: kuosha gari lote ndani kwa dawa, kubadilisha mazulia yote, na faini juu yake.

Nilisoma alichokiandika kichwa chini miguu juu kutoka upande wangu wa meza. Mteja alisafirisha mbuzi. Mbuzi amechana kiti.

Lahaula! Mori ukanipanda mpaka masikioni. Nikamwambia, dada, mama hakusema amechana, amesema ilichana. Hakusema wangu, amesema yangu. Hiyo ni mbuzi ya, si mbuzi wa! Akanijibu kwa upole kwamba wao kwao wanasema mbuzi yangu na bado ni mbuzi, anakula majani. Nikaanza kumsomesha ngeli pale pale, kwa sauti ambayo nadhani hata waliokuwa barabarani walifaidika. Na yeye, ili kuhakikisha, akateremka kwenda kulinusa gari. Alirudi akasema kweli kuna harufu. Nikamwambia hiyo ni mwani, miaka miwili ya mwani, aniulize mimi.

Mama alituacha tukamaliza. Nilikuja kugundua baadaye kwamba alikuwa tayari kuulipia mwili mzima wa mnyama ambaye hakuwahi kumfuga, ilimradi mambo yaishe. Lakini uongo hata wa kumuumiza yeye aliuona ni uongo. Akavuta kile kiti kidogo kilichokuwa pembeni, akakaa upande, baibui akalikusanya magotini, akaanza kukuna nazi isiyokuwepo, mikono miwili, inazunguka, inazunguka, na akapangusa na machicha.

"Kumbe kibao cha nazi!" dada akasema, akakaa chini, akacheka mpaka akavua miwani. Akatuambia kwao nazi wanakula ya paketi.

Akaichana ile fomu, akaandika nyingine. Walituhesabia kiti peke yake, mama akatoa fedha zake kwenye fundo la kanga, hakutaka nimsaidie katika hilo, na risiti ikatoka. Mimi nikasimama. Mama hakusimama. Akamwambia yule dada kwamba risiti hiyo ni ya kiti, na yeye sasa anataka ya mdomo. Dada hakuelewa. Nikamweleza, kwa mkato, kwamba mama anakwenda Hija na anataka mwenye kiti amhalalishie. Akasema yeye ni mwajiriwa tu, gari si lake. Mama akauliza la nani. Likawa swali gumu kweli. Dada alifikiri, akasema wenye kampuni ni wengi, na wengine hawaishi hata nchini.

Nikaona Alhamisi inaponyoka. Nikamwambia basi atuitie aliye juu yake, yeyote yule.

Akaja meneja, mtu mzima, shati limenyooshwa vizuri, naye wa bara. Alielezwa, akatabasamu, akasema hakuna shida, mama.

"Sijakuuliza shida, baba," mama akamwambia.

Yule bwana akaacha kutabasamu. Akavuta kiti, akakaa mbele yake, akamuuliza kwa heshima aseme nini. Mama akamfundisha neno. Akauliza kama linafaa kutoka kwa mtu kama yeye, ambaye gari si lake na dini si hiyo. Mama akamuuliza kama hayo magari amekabidhiwa yeye. Akasema ndiyo, amekabidhiwa. Mama akasema basi linafaa. "Nimekuhalalishia," meneja akasema, polepole, silabi moja moja, na mama akafunga macho. Kisha akanigeukia akanikumbusha kwamba kuchana ni kwake lakini kuficha ni kwangu. Na mimi nikaomba, wallahi, nikiwa natazama kalenda yao ukutani, nikapewa.

Tukashuka. Katikati ya ngazi mama akasimama, akashika chuma cha pembeni. Nilidhani amechoka, nikamwambia tupumzike, hatuna haraka.

"Umebaki wewe," akasema.

Nikacheka. Nikamwambia mimi ni mwanawe, vyangu vyote amevila kwa halali, na kama ni kunisema, hunisema usoni.

Hakucheka. "Ile siku uliyokuja na begi lako, nikakwambia rudi kwa mumeo. Nilikushika mkono mwenyewe nikakurudisha. Nihalalishie."

Neno la kumjibu nilikuwa nalijua. Nilikuwa nimelisikia likitoka kwenye midomo ya mtaa mzima, na dakika chache nyuma kwa mtu ambaye hakuwahi kulisikia maishani mwake. Lakini baada ya siku ile nilikaa kule miaka minne. Sikuwahi kumhadithia yaliyonipata, na yeye hakuwahi kuuliza. Tangu nirudi nyumbani tumegombana kwa chumvi, kwa maji, kwa mlango kuachwa wazi, na hilo hakuna hata mmoja wetu aliyeligusa.

"Ilikuwa miaka minne, mama," nikamwambia.

"Najua. Nilikuwa nikiihesabu."

Nikamuuliza, kama alikuwa akiihesabu, kwa nini hakuja kunichukua. Akasema aliogopa watu. Alisema hivyo tu, hakuongeza kwamba ndivyo mambo yalivyokuwa, wala kwamba hata yeye alirudishwa zamani zake. Watu wawili walikuwa wanapanda, tukawapisha, wakapita.

"Nimekuhalalishia," nikasema. Lakini nililisema kwa hasira, na sote wawili tulisikia.

"Kama bado, sema bado," mama akaniambia. "Usinipe la kunifurahisha."

Nikamwambia bado. Lilinitoka kama pumzi. Mama akaitikia kwa kichwa, akasema leo ni Jumatatu, akanishika mkono, tukamalizia ngazi.

Hakuniuliza tena. Jumanne alipika, akafunga mizigo, akaagana na waliobaki. Wala hakusema kama atakwenda au hatakwenda, na nilijua vizuri kwamba safari yote sasa iko mdomoni mwangu, na nilimchukia kwa hilo, na nilimpenda kwa kutonisukuma. Jumatano alasiri nilimkuta chumbani anakunja nguo zake nyeupe. Nikakaa kitandani, nikamhadithia ile miaka minne, mwaka wa kwanza mpaka wa mwisho, bila kumfichia. Aliacha kukunja. Hakunikatiza hata pale nilipotaka anikatize. Nilipomaliza nikalisema lile neno, mara moja, na safari hii lilikuwa kweli. Mama akakaa chini sakafuni, akaliweka shuka jeupe usoni, akalia, na mimi nikashuka kitandani nikakaa naye.