Muuza Kahawa wa Kivukoni

Balang aliposimamisha gari la mjomba wake pale kivukoni, nyuma ya milima ya Lawas, mama muuza kahawa hakuitikia salamu. Alilitambua gari, akainama akabonyeza magurudumu kwa kidole gumba. "Yamejaa mno. Punguza upepo, mwanangu, utateleza kama sabuni." Balang, mgeni wa njia za matope, akaonyesha alama za malori ya magogo zilizoingia mtoni. Si afuate hizo? "Fuata, mjomba wako aje kulizika gari lake. Lori lina miguu mirefu. Vua viatu upime kina." Akapima; maji ya shimo yakamfika kiunoni. Kisha mama akamwonyesha penye maji mafupi, akamtajia kila kona hadi kijijini alikokwenda, kidole kikichora mezani kwa kahawa iliyomwagika.

"Mama, umepita huko lini?"

"Mimi? Sijawahi kuvuka mto huu. Anayeshuka ananiambia, anayepanda namwambia. Ukirudi, nawe ulipe."

Alirudi salama, akalipa: ukingo wa kushoto wa njia, baada ya daraja la magogo, umemeguka. Kahawa yake haijapoa, dereva mwingine akafika, na mama akamsimulia ukingo ule kama aliyeuona kwa macho yake. Balang akamaliza kahawa. Aliondoka na gari zima la mjomba. Ukingo ulishakuwa wa mama.