Vipele vya Binti Yangu

Binti yangu wa kwanza alikuwa na miaka minne alipoanza kujikuna kichwa. Tulikuwa tunalima pamba, mwendo wa nusu siku kutoka misheni ya Ushirombo. Nilipomfunua nywele niliona vipele vidogo, vingi zaidi kisogoni na nyuma ya masikio. Mama mkwe wangu alisema ni joto tu, akampaka samli. Sikubisha, alikuwa amelea watoto saba.

Wiki ya pili vipele vilipasuka, vikatoa maji ya njano yaliyogandisha nywele. Jirani yetu akawa anawaita wanawe kila binti yangu alipowakaribia. Nilijua anawaza nini, maana hata mimi nilikuwa nawaza hicho hicho: ukoma. Kwa kuogopa kuambiwa hivyo, nikaendelea kungoja.

Asubuhi moja nilimwinua mtoto, mwili unachemka. Nyuma ya shingo nikagusa vinundu viwili vigumu kama njugu mawe. Nilimwambia mama mkwe kwamba naenda misheni. Hakupinga. Alijifunga kanga, akasema tutapokezana kumbeba.

Dresa, mhudumu wa dawa wa zahanati ya misheni, mtu mzima mtaratibu, alimkalisha mtoto karibu na dirisha, akapitisha kitana chembamba polepole, akakikung'uta juu ya kitambaa cheupe. Kitu kikatembea. Nilimuuliza kwa sauti ndogo kama si ukoma.

"Ukoma hauwashi hivi, mayu," alisema, akiniita mama kwa kilugha chetu. "Ni chawa. Amejikuna, uchafu umeingia vidondani, ndiyo maana ana homa na matezi yamevimba."

Nilikaa sakafuni. Sijapata kufurahia chawa kama siku ile.

Alimnyoa, akamwosha, akamchoma sindano, akampaka dawa ya rangi ya zambarau. Kisha akanieleza bila ukali kwamba kichwa kikiwasha tu, nikitazame, nikichane na kukiosha. Lakini usaha ukitoka, shingo ikivimba au homa ikipanda, nisingoje hata siku moja.

Mama mkwe akasogea. Akafungua kitambaa chake cha kichwa, akainama mbele ya dresa.

"Nitazame na mimi," alisema. "Huyu hulala kwangu."

Naye alikuwa nao. Tulirudi nyumbani vichwa viwili vimenyolewa, mtoto amesinzia mgongoni mwa bibi yake.

Siku ya tatu homa ilishuka. Binti yangu akaomba uji, akanywa kibuyu kizima, akaomba tena.