Gari Lililogoma Alfajiri Tu

Pikapu yangu ilikuwa imechoka tangu siku mume wangu alipoileta nyumbani, naye aliipenda hivyo hivyo. Alipofariki aliniachia gari hilo, nyumba ya vyumba viwili hapa Bwiza, Bujumbura, na nafasi yake kwenye mtumbwi mmoja wa ndagala, dagaa wa ziwani, kule ufukwe wa Ruziba. Watu walidhani nitaliuza gari, nikae ndani na nguo zangu nyeusi. Nikajifunza kuendesha nikiwa na miaka arobaini na sita, nikaparuza kuta za mtaa mzima, na tangu hapo kila alfajiri nashuka Ruziba kuchukua ndagala na kuwafikisha sokoni kabla jua halijawaharibu. Ni kazi ya kila siku, na nasema wazi kwamba imenichosha.

Nafasi kwenye mtumbwi si karatasi. Ni fungu lako ambalo mwenye mtumbwi anakuwekea, mradi ufike kabla nyavu hazijaanikwa. Zikishaanikwa, fungu linakwenda kwa mwanamke mwingine, na wapo wengi wanaosubiri na mabeseni yao. Ukikosa mara tatu kati ya mbalamwezi moja na nyingine, yaani katika mwezi mmoja wa uvuvi, nafasi yenyewe imekwenda. Mwenye mtumbwi wetu alisamehe yale tu yaliyokuwa nje ya mikono yako, kama msiba, ugonjwa, au mvua iliyokata barabara. Uzembe hakuusamehe hata kidogo. Alizoea kutuambia, "Mutu mwenye anashindwa kutunza chombo yake, atatunza je samaki yangu?"

Basi ndani ya mwezi mmoja wa aina hiyo gari likaanza kugoma.

Lingegoma siku nzima ningelielewa. Liligoma alfajiri tu. Nageuza ufunguo, stata inazunguka vizuri, injini inashika, inakohoa mara mbili, inazima. Narudia mpaka mkono unauma. Betri ikianza kulegea ndipo injini inakubali, na hapo inatetemeka hadi meno yananigongana, nikikanyaga mafuta inasita kama mtoto aliyetumwa dukani hataki. Nikishafika Kanyosha, katikati ya njia, inatulia yenyewe, inakwenda laini, kana kwamba si yenyewe iliyonitoa jasho nyumbani. Asubuhi mbili katika mwezi ule nilifika nikakuta nyavu zimetandazwa mchangani na fungu langu limeshaondoka. Ilibaki mara moja.

Fundi wangu alikuwa rafiki wa marehemu mume wangu, Mkongo wa Uvira aliyekuja akikimbia vita akazeekea hapa. Tuliitana shemeji. Alilijua lile gari kuliko nilivyolijua mimi, na wavuvi wa Ruziba nao walimletea mashine za mitumbwi yao, hawakumwamini mwingine. Ila macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Akishika buji, zile plagi za kuwashia moto, ilibidi azisogeze karibu na pua ndipo azione.

Nilimpelekea gari baada ya soko, saa sita mchana. Akasafisha vichwa vya betri. Akageuza ufunguo, likawaka palepale. "Shemeji, iko muzima hii." Kesho yake alfajiri likagoma. Mchana nikarudi, akatoa buji, akakuta ni nyeusi na zimelowa, akaweka mpya. Likawaka palepale. Alfajiri likagoma. Mara ya tatu akafungua kifuniko cha kugawia moto, akakwangua platini inayokatiza umeme kwa msasa, akapima nafasi yake kwa ncha ya wembe, akisikiliza zaidi kuliko kutazama. Likawaka. Akanitazama akitabasamu.

Nilipandwa na hasira. Mbele ya wateja wake, mbele ya muuza chai na vijana wanaocheza karata pale kivulini, nilimwambia, "Shemeji, macho yako imekufa. Achia kazi wenye wanaona." Alifuta mikono yake polepole, kidole kimoja kimoja. Halafu akasema, "Huku kwangu unaileta ikiwa na moto, nami naangalia gari yenye iko sawa. Kesho nitakuja kwako mbele ya we kuwasha. Usiiguse."

Alikuja kwa miguu, kukiwa ndiyo kwanza kunapambazuka, na begi lake la vyombo begani. Hakutaka chai. Aliweka kiganja juu ya injini, akaikuta baridi, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika. Aliniambia nigeuze ufunguo mara moja tu. Ikakohoa, ikazima. Akachomoa waya wa buji moja, akausogeza karibu na chuma, akaniambia nigeuze tena. Cheche ikaruka na hata yeye akaiona. Moto upo. Akatoa mpira unaoleta petroli, petroli ikamwagika kwenye kikopo. Mafuta yanafika. "Basi iko hapa," akasema, akaanza kufungua kabureta.

Mimi nilikuwa natazama anga juu ya paa. Kule Ruziba mitumbwi ilikuwa inaingia.

Alipofungua kile kibakuli kidogo cha chini ya kabureta, hakukitazama. Alitia kidole, akasugua kwa kidole gumba, akanusa. Akanusa tena. Akaniletea kidole chake puani. "Shemeji, unapikia gari sombe?"

Yalikuwa mawese, mafuta tunayopikia sombe, kisamvu chetu. Utando wa rangi ya chungwa, mzito, umeganda chini ya kibakuli na kuziba vitundu vya kupitishia petroli. Sikuhitaji maelezo lakini alinipa, kwa sauti ya chini, majirani wasisikie. Petroli ilikuwa ya kutafutwa kwa wiki nzima, na kila mwenye gari Bujumbura, siku alipoipata, alijaza kila chombo alichonacho. Mimi nilikuwa na bidoni, dumu la njano lililotoka Rumonge likiwa na mawese ya ndugu zangu. Nililiosha kwa maji moto na sabuni, mara tatu, nikalinusa, nikasema limetakata, nikalijaza petroli. Kumbe mawese yanajificha kwenye plastiki, maji hayayatoi, petroli inayatoa. Gari likilala, petroli kidogo iliyobaki inakauka, mawese yanabaki na kuganda. Injini ikipata joto yanayeyuka, gari linapona. Ndiyo maana mchana halikuwa na ugonjwa wowote.

La kuniumiza ni kwamba alishanionya. Petroli ilipoanza kukosekana aliwaambia wateja wake wote, nami nikiwemo: bidoni ya mawese apana, hata uioshe namna gani. Nilimwitikia ndiyo, ndiyo, kama ninavyoitikia matangazo ya mwisho wa misa nikiwa nafikiria chungu nilichokiacha jikoni. Sasa nilisimama pale na aibu yangu, nikikumbuka nilivyoyasema macho yake. Nilitaka kuomba msamaha. Badala yake nikamwambia, "Fanya haraka, shemeji."

Alifanya haraka. Aliosha kibakuli, akapuliza kila kitundu kwa mdomo, akatema, akapuliza tena, akabadilisha chujio, akamwaga kila kilichokuwa kwenye tangi na kuweka petroli safi aliyokuja nayo kwenye chupa zake mwenyewe. Likawaka mara moja, bila kutetemeka. Lakini jua lilikuwa limeshapanda. Akaingia upande wa pili akasema anataka kuisikiliza injini njiani.

Nyavu zilikuwa zimeanikwa. Mwenye mtumbwi alikuwa amekaa juu ya kreti akihesabu mabeseni, na mwanamke mmoja mgeni amesimama mahali ninaposimama mimi. Hakunikasirikia, na hilo lilinitisha zaidi.

"Mama, hii ni ya tatu."

"Najua, patroni."

"Iko nini?"

Nilifungua mdomo. Nakumbuka kwamba niliufungua. Shemeji alikuwa ameshashuka, akapita mbele yangu na lile begi lake begani.

"Patroni, kosa ni yangu. Karbirateri nilifunga mubaya. Macho inanidanganya siku hizi. Mama ananiletea gari kila siku, anatunza, mi ndio naharibu."

Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini ufukweni sauti inasafiri. Vijana wanaoendesha mashine za mitumbwi, waliokuwa wakikunja kamba, wakaacha. Mmoja akamtazama mwenzake. Mwenye mtumbwi alimtazama fundi usoni, kwenye yale macho, kwa muda mrefu, kwa huzuni hasa, kisha akanigeukia.

"Kama ni fundi, iko inje ya mikono yako. Kesho uwahi."

Nikasema, "Asante, patroni." Hayo ndiyo maneno niliyoyasema. Mwanamke yule mgeni akachukua beseni lake akasogea pembeni, nami nikasimama mahali pangu, nikarekebisha kitenge, nikatazama chini.

Njia nzima ya kurudi Bwiza nilijipanga kuzungumza. Tulipofika Kanyosha gari lilikuwa linakwenda laini, naye ameegemeza kichwa kwenye kioo, amefumba macho, anasikiliza injini. Aliposhuka alisema tu, "Bidoni ile, utupe." Nililitupa.

Wiki iliyofuata mashine ya kwanza kutoka Ruziba ilipelekwa kwa fundi mwingine. Kisha ya pili. Hivi sasa hakuna mtumbwi unaomletea kitu, na karakana yake ina magari mawili matatu ya watu wasio na haraka. Nampelekea ndagala kila Jumamosi. Anawapokea kwa mikono miwili, anauliza gari linaendeleaje, namjibu linaendelea vizuri, na hatulizungumzi lingine.

Ni kweli linaendelea vizuri. Linawaka mara moja, baridi au joto. Kila alfajiri nafika Ruziba nyavu zikiwa bado zinadondosha maji, mwenye mtumbwi amekaa juu ya kreti yake hana shughuli, na ninao muda wa kutosha kumwambia ukweli wa lile bidoni.