Perege Wadogo wa Bi Zena

Siku yangu ya kwanza kazini, miaka ile ya hamsini, niliripoti idara ya samaki nikiwa na kaptula iliyopigwa pasi. Mkubwa wetu, tuliyemwita Bwana Samaki, hakuniuliza hata jina. Alinikabidhi wavu.

"Nenda bonde la Msimbazi, nyuma ya Ilala. Kuna mjane ana bwawa. Shemeji yake anataka kulifukia ajenge vyumba vya kupangisha. Masika yakianza na samaki hawauziki, basi tena."

Nilimkuta Bi Zena anasugua karai. Riziki yake ilikuwa kukaanga samaki wa bwawa lile na kuwauza Kariakoo. Tulipovuta wavu walijaa perege tele, lakini hakuna aliyezidi kidole. Nikamuuliza wadogo huwa anawafanyaje.

"Nawarudisha majini, mwanangu, na dua nawasomea wakue. Mie nina roho ya kukaanga kitoto?"

Ugonjwa ulikuwa hapo. Perege huzaa angali mdogo, na mama huatamia mayai kinywani, kwa hiyo watoto hawapotei ovyo. Bwawa dogo hujaa, chakula hakitoshi, wote wanadumaa. Huruma ya Bi Zena ndiyo iliyokuwa inawaua kwa njaa.

Dawa ilikuwa kuvua wadogo bila kusita, na kutia kambare, samaki mlaji, apunguze vifaranga. Ila kambare mkubwa hula mpaka wazazi.

"Ukikosea kipimo," Bwana Samaki alinionya, "utakuwa umemfukia yule mama mwenyewe."

Maneno hayo yalininyima raha kabisa. Nilitia kambare wadogo, wachache, na kila asubuhi nikapitia bwawani kabla ya kwenda ofisini. Maji yakitulia, nilidhani perege wamekwisha. Yakichezacheza, nilidhani ndiyo wanaliwa.

Bi Zena naye alinitia wazimu. Siku moja nilimfuma anachukua perege ndooni, anamficha kwenye upindo wa kanga, anarudi naye majini.

"Mama!"

"Huyu mmoja tu, baba. Kaniangalia."

Mawingu ya masika yalipotanda, shemeji yake, Mzee Kondo, alikuja na fundi mwashi na kamba ya kupimia. "Haya, vuteni tuone," alisema. Tulivuta. Bi Zena akaufungua wavu. Perege wa kwanza alikuwa mpana kama kiganja.

Mzee Kondo alimgeuzageuza. "Huyu anakaangwa?"

"Anakaangwa, shemeji, na leo utamla."

Fundi akakunja kamba yake.

Haukupita muda nikahamishiwa Morogoro. Bi Zena alinisindikiza hadi barabarani. "Na ukiondoka, nani atanishika mkono?" Nilipanda gari la moshi nikiwa na hakika kwamba wadogo wote watarudi majini.

Sasa nimestaafu, na vijana huniuliza siri ya kulea bwawa. Nawaambia kazi yake haiishi. Ukilisawazisha leo, kesho linakudai tena. Lile la Bi Zena sikuliona tena. Ila masika yaliyofuata uhamisho wangu, dereva wa lori kutoka Dar aliniletea kifurushi cha gazeti, akasema ni salamu za mama wa Ilala. Ndani mlikuwa na perege wa ukubwa wa kidole, wamekaangwa mpaka wakakauka. Niliwatafuna na miba yao, huku machozi yananitoka.