Tuta lililostawi kuliko yote bondeni Lisekese ndilo lililokuwa na madini ya risasi

Wakuu, shikamooni wakubwa, na wengine habari za kazi.

Kwa muda mrefu nimekuwa msomaji tu humu. Leo naleta jambo lililonikuta mwenyewe. Majina nimeyabadili, mengine yote ni kama yalivyotokea, pamoja na sehemu zinazoniaibisha.

Mimi ni binti wa Mnyambe, Newala, nasoma shahada ya uzamili. Utafiti wangu unahusu metali nzito kwenye mboga za majani, yaani madini kama risasi ambayo mmea huyanyonya kutoka udongoni. Huyaoni, huyaonji, na kuchemsha hakuyaondoi. Anayeumia zaidi ni mtoto mdogo, kwa sababu risasi hudhuru ubongo ambao bado unakua.

Nilipanga chumba Mkomaindo, mjini Masasi, na asubuhi nikawa nakwenda Lisekese na vifuko vyangu vya plastiki kuchukua sampuli kwenye bustani za akina mama wanaouza mboga sokoni. Walinipachika jina: mwali wa vifuko.

"Huyo ananunua mchicha halafu hali, anaukausha," walikuwa wakisema huku wakicheka.

Aliyenipokea kuliko wote ni Mama Somoe, anayeishi na mjukuu wake Zuhura, mtoto wa miaka miwili na nusu. Tuta lake moja lilitoa mchicha wenye majani mapana kama kiganja. Kila nilipoaga alinifungia fungu la bure kutoka tuta hilo hilo. Nilipika, nikala, nikashukuru.

Kisha majibu ya maabara yakatoka. Karibu bustani zote zilikuwa salama. Tuta la Mama Somoe lilivuka kiwango kinachoruhusiwa cha risasi, tena si kwa kidogo.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye aibu yangu.

Nilianza kujihoji. Je, nilichanganya lebo? Je, kinu cha kusagia kilikuwa na uchafu? Nikarudia kipimo, jibu likawa lile lile. Nikarudia tena. Mara ya pili ilikuwa haki ya utafiti. Mara ya tatu, nikisema kweli, ilikuwa woga. Nikajificha pia nyuma ya fomu ya ridhaa, kwamba niliahidi kutunza siri, kana kwamba siri ile ilikuwa ya kumficha mwenye bustani mwenyewe.

Mimi niliacha kula mchicha ule siku ile ile ya kwanza.

Wiki ya tatu nikaenda. Nilimkuta anamwagilia.

"Shikamoo, Mama Somoe."

"Marahaba, mwanangu. Leo huna vifuko? Au chuo kimeshiba?"

Nikamweleza. Nilitumia maneno mengi mno, nikataja viwango, nikataja uwezekano wa makosa. Akaitua ndoo chini.

"Umejua lini?"

"Hii wiki ya tatu, mama."

"Zuhura amekula jana," akasema. "Amekula juzi. Na wewe ulikuwa unajua."

Nikamuuliza tu, kwa sauti ndogo, udongo wa tuta lile ulitoka wapi. Kwenye dodoso, ile fomu ya maswali niliyomjazisha mwanzoni, alijibu kwamba anatumia samadi.

"Samadi naweka. Ila na ule mweusi wa kwa fundi betri nao nauchota. Ungesema unaulizia jalala, ningekwambia. Nani anamtajia mgeni jalala?"

Kumbe kando ya njia aliwahi kuwepo fundi wa betri za magari, akizivunja na kuyeyusha risasi iliyomo ndani yake. Alipohama, pakawa jalala, na udongo wa pale ukawa mweusi, laini, wenye kupendeza macho. Kila mwaka kabla ya kupanda, Mama Somoe alikuwa anaubeba kwa ndoo kulisha tuta lake bora.

Aling'oa mchicha wote asubuhi ile, nikimsaidia. Hakunisemesha.

Nilidhani ataishia hapo. Akajitwika beseni tupu, akaenda sokoni, mimi nyuma yake, na kila mteja aliyemjia akamwambia mboga yake ina sumu, na ambaye bado anayo nyumbani asiipike.

Jirani yake wa meza, Mama Hamisi, akamaka. "We mwanamke, funga mdomo! Utatuharibia sote!"

"Wewe umechota udongo wa kwa fundi?"

"Sijachota!"

"Basi yako nzuri, iuze. Iliyooza ni yangu."

Mama Hamisi akanung'unika, akagawa mafungu yake katikati, akamsukumia nusu. "Kaa hapo uuze. Ukisimama na beseni tupu unanitia mkosi."

Kabla soko halijavunjika, wanawake wawili walikuja kando kuniambia kwamba nao waliuchota ule udongo. Dodoso langu, na ustadi wake wote, halikuwapata hao.

Zuhura tulimpeleka hospitali. Daktari alitusikiliza kwa utulivu, akachukua damu ipelekwe kupimwa. Risasi ilikuwemo, lakini haikufikia kiwango cha kuhitaji dawa. Tuliambiwa tukate chanzo, ale vizuri, arudi kupimwa. Aliporudi, ilikuwa imeshuka. Siku hiyo nililia kwenye benchi la hospitali, mbele za watu, bila kujali.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, namshukuru Mama Hamisi na mdomo wake. Zaidi namshukuru Mama Somoe, ambaye hakunisamehe haraka, na sikustahili. Siku aliponisemesha tena aliniambia:

"Siku nyingine ukiona kitu, njoo hata kama huna hakika. Hiyo hakika tutaisubiri wote, tukiwa hatuli."

Wakuu, hilo ndilo nililojifunza, na halimo kwenye tasnifu yangu.

Wenye bustani karibu na gereji, jalala au kwa mafundi wa betri, semeni hapa udongo wenu mnautoa wapi, hakuna atakayewacheka. Wataalamu wa udongo na afya, nirekebisheni nilipokosea.

Na kama yupo humu mwenye majibu kwenye faili yanayomhusu mtu ambaye leo mchana atakula, asihangaike kuchangia. Aufunge uzi huu, aende akamwambie.