Maziwa na Vidonge vya Ghala la Yamumbi

Jumamosi ya tarehe 29 Desemba 2007, siku mbili baada ya kura ya urais, Salina Jemutai alifunga ghala la mahindi nje kidogo ya Yamumbi, karibu na Eldoret, na kubandika kwenye mlango wa chuma karatasi yenye picha ya fuvu. Ndani, magunia yalikuwa yamepangwa hadi karibu na dari na kufunikwa kwa turubai la plastiki. Chini ya turubai kulikuwa na vidonge vya kijivu, kila kimoja ukubwa wa kifungo cha koti. Vikipata unyevu wa hewa, vidonge hivyo hutoa gesi ya kuua fukusi. Gesi hiyo haichagui. Ghala likishawekwa vidonge hufungwa wiki nzima, kisha milango huachwa wazi hewa ipite kabla mtu yeyote hajaingia.

Jemutai, mzaliwa wa Moiben, alikuwa na miaka thelathini na tisa. Alianza kazi hapo kama kibarua wa kupepeta mahindi, akapanda hadi kuwa msimamizi wa ghala. Alikaa ndani ya ua, katika nyumba ya mabati yenye chumba kimoja, karibu na mizani ya kupimia magunia. Binti yake, Jerop, alikuwa kwa nyanya yake Moiben wiki ile.

Kazi ya vidonge ilikuwa na desturi yake. Kila kibarua alipewa pakiti ya maziwa kabla ya kuingia ghalani na nyingine akitoka. Meneja alisema maziwa yanasafisha kifua. Hakuna aliyemshangaa. Hii ni nchi ya ng'ombe: mtoto akinywa mafuta ya taa anakimbiziwa kikombe cha maziwa, na fundi wa rangi akishinda ndani ya nyumba iliyofungwa, mwenye nyumba humtumia maziwa jioni. Kinyago cha gesi kilikuwepo kimoja tu, kimetundikwa ofisini, na waliokivaa walikuwa wageni kutoka benki walipokuja kukagua mahindi. Vibarua walijifunga leso puani. Waliotapika jioni waliambiwa hawakunywa maziwa ya kutosha.

Ndani ya kila mkebe wa vidonge mlikuwa na karatasi ya maelezo kwa Kiingereza cha herufi ndogo. Jemutai, aliyeachia shule kidato cha pili, aliielewa nusu. Aliona kinyago kimetajwa mara nyingi. Maziwa hakuyaona popote. Alimwuliza meneja.

"Wewe gawa maziwa," meneja alimjibu. "Hayo mengine ni ya ofisi."

Akagawa, na yeye mwenyewe akanywa.

Agosti ya mwaka ule, paka wa ghala alifungiwa ndani kwa bahati mbaya. Paka huyo alikuwa akiramba pakiti zote walizotupa vibarua, na walimcheka kwamba ndiye mfanyakazi mwenye afya kuliko wote. Ghala lilipofunguliwa alitolewa kwa koleo.

"Hapo nikaanza kuogopa," Jemutai anasema. "Sikuwa na hakika ya kitu. Niliogopa tu, na nikaendelea kufanya kazi."

Matokeo ya urais yalitangazwa Jumapili jioni. Jumatatu asubuhi moshi ulikuwa juu ya Yamumbi, mweusi upande wa maduka na mweupe upande wa mashamba. Meneja hakushika simu. Mlinzi alikuwa ameacha kofia yake langoni na kwenda zake. Jemutai alikuwa peke yake ndani ya ua alipoona mtu anapita chini ya waya wa ua wa nyuma, kisha mwanamke, kisha mtoto.

Walikuwa Walubengo, mpakiaji wa magunia, na mke wake Rosebella, mwenye mtoto mchanga mgongoni, na binti yao Ashley wa miaka sita. Walubengo ni mtu wa Bungoma. Kwa hesabu za siasa za wiki ile hakupaswa kuguswa. Lakini alipanga chumba kwa mtu wa jamii ya rais aliyetangazwa, iliyokuwa ikisakwa, na Jumapili usiku alikuwa ameonekana akimsaidia mwenye ploti kutoa godoro na cherehani. Hilo lilitosha. Alikuja na blanketi moja na mtungi wa plastiki uliojaa maziwa.

"Mama Jerop, fungua," alisema. "Ukuta ni wa mawe. Hapo ndani hawatatufikia."

"Baba Ashley, nimeweka vidonge juzi."

"Najua. Si ndiyo maana nimebeba maziwa? Watoto watakunywa kwanza."

"Mtakufa humo ndani."

"Na hapa nje?"

Jemutai alisimama mbele ya mlango. Alimwambia gesi itakuwa imejaa, kwamba hata yeye hawezi kuingia. Walubengo alimtazama kama anayetazama mtu asiyemfahamu.

"Miaka yote tumeingia na maziwa, ukitugawia wewe. Leo ndiyo imekuwa sumu? Sema tu, Mama Jerop. Sema umeogopa watu wenu."

Rosebella alinyoosha kidole kwenye picha ya fuvu. "Jana kuna nyumba zilichorwa alama mlangoni," alisema polepole. "Sasa na huku tunafukuzwa na mchoro."

Jemutai anasema hapo ndipo alipoelewa kwamba neno lake halina uzito. Yeye alikuwa Mkalenjin, wa upande wenye pinde na mishale, na kila alichosema kilisikika kama mlango unaofungwa. Akaacha kueleza habari za gesi.

"Yule paka nani alimtoa?" aliuliza.

"Ni mimi."

"Alikuwa anakunywa nini?"

Walubengo aliuweka mtungi chini, kando ya mlango wa ghala, akamshika Ashley mkono.

Jemutai aliwapeleka kwake. Alisogeza kitanda, akawaketisha nyuma yake sakafuni, na kurundika magunia matupu mbele. Mlango wa nyumba ulifungwa kwa ndoano ya waya tu. Kupitia tundu la msumari kwenye mabati, Rosebella aliweza kuona lango lote. Jemutai alimwambia amnyonyeshe mtoto mfululizo, hata kama hataki, asije akalia. Alitoka nje akaketi juu ya mizani, kwa sababu angeketi mlangoni kwake angeonekana analinda kitu.

Mchana walikuja vijana wasiofika kumi, wenye mapanga na pinde, nyuso zimepakwa masizi. Jemutai alimtambua aliyetangulia. Alikuwa Kibet, kijana wa jirani mwenye miaka ishirini na mitatu, aliyewahi kufanya kibarua ghalani misimu miwili.

"Chamgei, Mama."

"Chamgei," Jemutai aliitikia salamu.

"Tunamtafuta yule mpakiaji wa Bungoma. Ameonekana akija huku."

"Ghalani hayuko. Kuna vidonge. Ona mlango."

Kibet alicheka. "Mama, mimi vidonge nimevipanga na hii mikono. Unaniambia mimi?"

"Ukiingia utakufa, Kibet."

"Tulikuwa tunaingia. Tulikufa?"

"Mlikuwa mnaweka na kutoka. Sasa gesi imekaa siku mbili."

Mmoja wa vijana alikuwa ameona mtungi kando ya mlango. Aliuinua, akaufungua, akanusa. Jemutai alikuwa ameusahau.

"Na haya maziwa?"

"Ni yangu. Ya chai."

"Ya chai, na yako mlangoni kwa ghala?" Kibet alichukua mtungi. "Hawa wanajua kazi. Wamekunywa wakaingia."

Jemutai alimwambia maziwa hayasaidii, akamkumbusha paka. Kibet aliwageukia wenzake. "Mathe ananiita paka," alisema, na wakaangua kicheko. Kisha akamgeukia tena, bila kicheko. "Umesema mara tatu nisiingie. Mtu hakatazi ghala tupu mara tatu."

Alikunywa sana, na mengine yakamwagika kifuani. Wenzake aliowapa mtungi walikataa, mmoja akisema yeye tumbo lake halipatani na maziwa mabichi, na wakamcheka huyo pia.

Kulikuwa na njia moja tu ya kumzuia Kibet, nayo ilikuwa kusema walipo waliokuwa wakitafutwa. Nyumba ilikuwa upande wa pili wa mizani. Jemutai anasema aliitazama mara moja, akaogopa kwamba macho yake yameonekana, akayarudisha kwenye mikono ya Kibet iliyokuwa ikivunja kufuli kwa nondo. Hakusema.

Kibet alichana utepe wa kuzibia mlango, akajifunga leso, akaingia. Wenzake waliokuwa mlangoni walipigwa na harufu kama ya kitunguu saumu kilichooza, wakarudi nyuma wakitema mate. Kutoka nje walimsikia akipanda magunia, akivuta turubai, akiita jina la Walubengo na kumtukana. Alizunguka ghala zima. Alikuwa mtu wa kumaliza kazi.

Alitoka macho yakimtiririka machozi, anacheka. "Si mnaona?" alisema. Alifika langoni, akaketi kwenye jiwe akishika kifua, akasema amechoka tu. Vijana hawakuipekua nyumba. Walimshika mabega wakaondoka naye.

Jemutai aliwafuata hadi barabarani.

"Mpelekeni hospitali leo. Hata akisema amepona. Gesi hii inangoja ndipo iue."

"Mama, unamtakia mabaya?" mmoja alimjibu.

Barabara ya kwenda mjini ilikuwa imezibwa kwa mawe na magogo. Waliyaweka vijana hao wenyewe.

Alirudi akausukuma mlango wa ghala ukafungika, akaketi mbele yake, kwa kuwa kufuli halikuwepo tena na wengine wangeweza kuja. Nyuma ya kitanda Walubengo alikuwa amesikia kila neno. Jumanne lori la polisi lilipita likikusanya watu waliokuwa wakikimbia, likawachukua yeye na familia yake hadi uwanja wa maonyesho mjini Eldoret. Kibet alifia nyumbani kwao Jumatano, tarehe 2 Januari. Waliokuwepo wanasema alipumua kama mtu aliye chini ya maji.

Habari zilizoenea zilikuwa mbili, na zote zilimtaja Jemutai: kwamba alificha watu, na kwamba alimtegea Kibet sumu. Ya kwanza ilikuwa kweli, kwa hiyo ya pili ikaaminika. Mama yake Kibet alimtumia ujumbe kwamba asikanyage kwao kwenye mazishi. Mwisho wa Januari, Jemutai alifunga vitu vyake akarudi Moiben. Yeye na mama yake Kibet hawajawahi kuzungumza tena. Walubengo yuko Bungoma, anauza mbao. Hupiga simu Krismasi, na hajarudi Eldoret.

Sheria ya usalama na afya kazini ilikuwa imeanza kutumika Oktoba 2007, miezi miwili kabla ghala lile halijafungwa. Inamtaka mwajiri awaeleze wafanyakazi hatari ya kemikali wanazoshika na kuwapa vifaa vya kujikinga. Jemutai aliisikia kwa mara ya kwanza mwaka 2009, ofisa wa serikali alipokuja Moiben kuzungumza na wenye maghala. Alinyoosha mkono na kuuliza habari ya maziwa. Ofisa alisema maziwa huenda tumboni na gesi huenda kwenye mapafu, na akaendelea na jambo lingine. Jemutai alimwomba arudie, kwa Kiswahili, vibarua waliokuwa wamesimama nje wakisikia.

Siku hizi yeye ndiye huitwa kuweka vidonge katika maghala ya Moiben na Chepsaita. Ana vinyago viwili vizuri, na haingii peke yake. Kabla ya kufungua mkebe humwita kila kibarua, mlinzi, na mama anayepika chai, na kila mmoja lazima amweleze yeye, kwa lugha yake mwenyewe, kitakachomuua humo ndani na namna kitakavyomuua. Hakubali kuitikiwa "ndiyo". Akikuta pakiti za maziwa zimeletwa, huwaambia wanywe nyumbani. Baadhi ya wenye maghala wameacha kumwita, wakisema anatisha watu.

Februari hii, Amos Kipyego, mwenye ghala la mawe kando ya barabara ya Moiben, alimwita aje aweke vidonge wiki moja kabla ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013, ili ghala likae limefungwa wakati wa kura. Jemutai alikataa.

"Fukusi hawangoji matokeo, Mama Jerop," Kipyego alimwambia.

"Wanaokimbia pia hawangoji."

"Hapa Moiben nani atakimbia? Sisi wote ni watu wamoja hapa."

"Wewe una wapakiaji wangapi wa kutoka mbali?"

"Mbona usiandike tu kubwa mlangoni? Kwa Kiswahili, na Kikalenjin, na Kiluhya kama unataka."

"Yamumbi nilisimama mlangoni mimi mwenyewe," Jemutai alisema. "Nikaongea na mdomo wangu."

Alimwomba Kipyego mikebe yote ya vidonge iliyokuwa ofisini. Mzee alilalamika kwamba mahindi yake yataliwa, akasema kuna kijana mjini atakayeifanya kazi hiyo bila maswali. Kisha akampa mikebe.

Mikebe imefungiwa katika kabati la chuma nyumbani kwa Jemutai. Ghala la Kipyego litabaki wazi wakati wa kura na wakati wa kuhesabu, wadudu ndani yake, na litawekwa vidonge Jumatatu ya tarehe 18 Machi ikiwa watu wote watakuwa bado wanalala majumbani mwao.