Siku Niliyomfanyia Matanga Mzee wa Kikorea

Jamani, hili nawasimulia kwa sababu mmenibana, na atakayecheka kabla sijamaliza nanyamaza, maana mpaka leo nikikumbuka najifunika uso kwa kanga hata nikiwa peke yangu jikoni. Mimi Rehema, kwa mikono yangu na akili zangu timamu, nilimfanyia mgeni matanga akiwa hai.

Ilikuwa miaka ile kila kitu kimefunguliwa, viwanda vinauzwa, televisheni za watu binafsi zinachipuka kila kukicha, na mimi nilikuwa kwenye majaribio kwa Mama Temu, aliyeanzisha kampuni ya kutembeza wageni pale Morogoro mjini. Akaja Bwana Han, Mkorea wa kiwandani, Kiswahili chake kizuri tu, akasema baba yake anakuja kutoka Korea na anataka kuona milima. Mama Temu akanivuta pembeni: "Rehema, huyo mzee akirudi anacheka, nakuajiri. Akirudi amenuna, rudi kwa mama yako."

Nikamwambia asiwe na shaka, Wakorea nawajua. (Nawajua wapi? Kwenye tamthilia! Nilikuwa naazima kanda za video, naangalia mpaka macho yanauma, na lugha siambulii hata chembe.) Kuna moja niliipenda mno, ukoo mzima umekusanyika, picha ya mzee imewekwa mbele na vyakula vimeizunguka, ubani unafuka, kijiko kimesimamishwa katikati ya bakuli la wali, halafu watu wanapiga magoti na kuinama mpaka paji la uso linagusa sakafu, mara mbili. Nikajua hiyo ndiyo heshima ya juu kabisa. Mzee mwenyewe nikadhani yuko safarini.

Basi nikatangulia Matombo, kule milimani, kwa shangazi, nikamfundisha yeye na majirani, tukafanya mazoezi pale uani. Shangazi akalalamika, "We mtoto, kwani shikamoo haitoshi?" Nikamwambia aache ushamba (Mungu anisamehe).

Siku yenyewe nikawachukua wageni mjini; njia mbovu, gari linaturusha, lakini mzee anatabasamu tu na kunyooshea migomba kidole. Bwana Han akaniambia baba yake alipasuliwa moyo, madaktari walishakata tamaa, na safari hii ni ya kushukuru kwamba amepona. Nikasema moyoni, leo atafurahi kupita kiasi.

Tulipofika tukamkalisha kwenye mkeka mpya, nikawasha ubani, nikamwekea bakuli la wali, nikachomeka kijiko katikati kikasimama wima, nikatoa ishara, na uani kote watu wakaenda chini. Mara ya kwanza mzee akaitikia kwa kichwa, anatabasamu. Mara ya pili, jamani, uso ulimbadilika ghafla, akashika kifua!

"Acheni!" Bwana Han akapiga kelele. "Mara mbili ni ya maiti! Na hicho kijiko ni cha maiti! Mnamfanyia baba yangu matanga!"

Jirani mmoja akasema "Innalillahi", kisha akajiziba mdomo. Shangazi, bado kainama, akanigeuzia shingo: "Rehema! Umetuinamisha tumlilie mtu anayepumua?" Nami nikaanza kulia kweli, kwa sauti, na wamama waliokuwa wanachungulia kutoka barabarani wakajua msiba upo, wakajifunga kanga wakaingia wanalia kuliko mimi.

Mzee akawatazama wote, akamwambia mwanawe maneno marefu. Bwana Han hakutaka kutafsiri, mpaka baba yake alipomgusa goti. "Anasema moyo bado unapiga," akasema huku kanuna. "Anauliza kama marehemu anaruhusiwa kula." Na mzee akachomoa kile kijiko, akala wali wote, anacheka mpaka machozi yanamtoka, na njia nzima ya kurudi akikumbuka anaanza upya.

Mama Temu akasikia yote kutoka kwa Bwana Han. Akaniangalia weee, akasema, "Mzee kacheka, ahadi ni ahadi, nimekuajiri. Utaosha magari. Wageni usiwasogelee."

Nikaosha, ningefanyaje? Tamthilia sijaacha, lakini nimeapa sitamfanyia mtu mila za kwao kabla sijamuuliza mwenyewe. Maana kinachoniuma zaidi ni kwamba Bwana Han nilikaa naye gari moja toka mjini mpaka Matombo, bega kwa bega, na njia nzima mimi ndiye niliyekuwa namfundisha mambo ya Korea.